Kanzidata hujibu ulichoandika, si ulichokusudia: namna ya kutafuta ushahidi wa uuguzi

Kwa miaka mingi wauguzi wamefundishwa kwamba kanula (mrija mwembamba wa dripu) iliyo mkononi mwa mgonjwa ibadilishwe kila baada ya saa 72 hadi 96, hata kama mshipa uko salama, dripu inapita vizuri na mgonjwa halalamiki. Sababu yenyewe inaeleweka: kanula ikikaa sana, mshipa huvimba na vijidudu hupata njia ya kuingia kwenye damu. Ila kila kanula mpya ni sindano nyingine, maumivu mengine, gharama nyingine, na mshipa mmoja zaidi ulioharibika kwa mtu ambaye pengine hakubakiwa na mingi. Muuguzi anayeuliza, "Tuibadilishe kwa ratiba, au tusubiri dalili?", ameuliza swali zito la kazi yake. Jibu halipatikani kwa kumuuliza aliyekaa wodini muda mrefu kuliko wote. Limo katika makala za utafiti, na makala hizo zimo katika kanzidata, yaani hifadhi za kompyuta zinazoziorodhesha.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu hufungua PubMed, kanzidata ya bure ya makala za tiba, huandika maneno mawili matatu, hupata maelfu ya makala, husoma ikisiri (mihtasari ya makala) chache za mwanzo, kisha huandika kwenye ripoti yake kwamba "tafiti zinaonyesha". Sidhani kwamba shida ni uvivu. Shida ni kwamba utafutaji mbaya haujitangazi. Ukikosa mshipa unapoweka kanula, unajua papo hapo. Ukikosa makala muhimu kuliko zote, skrini bado inakupa orodha ndefu na nadhifu yenye majina ya majarida makubwa, wala hakuna kinachokuonya kwamba kuna pengo.

Pengo hilo limewahi kuua. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, mwanamke wa miaka 24 mwenye afya njema alijitolea kushiriki utafiti kuhusu pumu. Alivutishwa dawa iitwayo hexamethonium, mapafu yake yakaharibika, na wiki chache baadaye akafariki. Uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba mtafiti alikuwa ametafuta habari za usalama wa dawa hiyo katika PubMed na vitabuni. Wakati huo PubMed ilirudi nyuma hadi mwaka 1966 tu, na makala zilizoeleza madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu zilichapishwa miaka ya 1950. Zilikuwa kwenye rafu za maktaba. Hazikuwa kwenye skrini.

Mfano wa pili haukuwa na msiba wa siku moja, ila hesabu yake ni kubwa zaidi. Kwa miongo kadhaa wazazi katika nchi nyingi walishauriwa kuwalaza watoto wachanga kifudifudi. Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake nchini Uingereza walizikusanya tafiti zote za zamani, wakazipanga kwa miaka, wakaonyesha kwamba hatari ya kumlaza mtoto hivyo ingeweza kutambuliwa tangu mwaka 1970. Kampeni za kuwalaza watoto chali zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walikadiria kwamba mapitio ya mapema ya tafiti hizo yangeweza kuzuia vifo zaidi ya 10,000 vya watoto wachanga Uingereza pekee, na angalau 50,000 Ulaya, Marekani na Australasia. Hakuna aliyezificha. Hakuna aliyezitafuta zote kwa pamoja.

Swali kabla ya kibodi

Mtu akiniambia hapati kitu kwenye kanzidata, kwanza naomba anisomee swali lake. Mara nyingi hana swali, ana mada. "Matunzo ya kanula" ni mada. "Vidonda vya mgandamizo" ni mada. Mada haijibiki, huzungumzika tu.

Mwaka 1995 Scott Richardson na wenzake walipendekeza muundo ambao leo unafundishwa katika vyuo vingi vya uuguzi kwa jina la PICO. P ni mgonjwa au kundi la wagonjwa, I ni hatua unayofikiria kuichukua, C ni kile unacholinganisha nacho, O ni matokeo unayoyajali. Swali letu linakuwa hivi: kwa wagonjwa wazima waliolazwa na kuwekewa kanula ya pembeni, je, kuibadilisha pale tu dalili zinapojitokeza, ikilinganishwa na kuibadilisha kwa ratiba, kunaongeza uvimbe wa mshipa au maambukizi ya damu?

Sasa liko jambo ambalo walimu wengi hulisahau. PICO ni chombo cha kufikiria, si fomu ya kunakili kwenye kisanduku cha utafutaji. Ukiingiza vipengele vyote vinne, utapoteza makala nzuri, kwa sababu ikisiri haitaji kila kilichopimwa. Utafiti unaweza kuwa umehesabu maambukizi ya damu kwenye jedwali la ndani, lakini ikisiri ikataja uvimbe wa mshipa tu. Kwa kawaida hatua na kundi la wagonjwa vinatosha kuanzia. Matokeo na kilinganishi vibaki kichwani mwako, uvitumie unaposoma na kuchuja kwa macho. Ukiona mzigo umezidi, hapo ndipo unaongeza kipengele cha tatu.

Si kila swali la uuguzi linalinganisha hatua mbili. Mgonjwa anaishije na mfuko wa kinyesi tumboni? Ndugu wanahisi nini wanapomwona mpendwa wao kwenye mashine ya kupumulia? Maswali haya yanahitaji utafiti wa maelezo, na muundo wake ni mwepesi zaidi: nani, jambo gani, katika mazingira gani. Utafiti wa aina hii ni mgumu kuupata kuliko majaribio ya dawa, kwa sababu waandishi wake hupenda kuipa makala kichwa kilichonukuliwa kutoka kinywani mwa mgonjwa. Kichwa kinagusa moyo, lakini hakina hata neno moja ambalo mtafutaji angelikumbuka.

Kanzidata hazifanani

PubMed ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ukoo wake ni mrefu: mwaka 1879 John Shaw Billings alianzisha faharasa iliyochapishwa ya makala za tiba, faharasa hiyo ikaja kuzaa kanzidata ya kompyuta iitwayo MEDLINE, na mwaka 1996 ikazaliwa PubMed, iliyofunguliwa bure kwa umma mwaka 1997. Leo ina rekodi zaidi ya milioni 35. MEDLINE ndiyo sehemu yake kubwa, ila zimo pia rekodi zisizo za MEDLINE, na tofauti hiyo tutaihitaji baadaye kidogo. Kuwemo PubMed si cheti cha ubora. Kunamaanisha tu kwamba makala imeorodheshwa.

CINAHL ni ya wauguzi tangu mwanzo. Ilianza kuchapishwa mwaka 1961 kama faharasa ya maandishi ya uuguzi, na sasa inamilikiwa na kampuni ya EBSCO. Haipatikani bure, na hilo ndilo tatizo lake. Faida yake ni kwamba inaorodhesha majarida ya uuguzi ambayo PubMed haiyagusi, utafiti wa maelezo unapatikana humo kwa urahisi zaidi, na ina kichujio cha kukuonyesha makala ambazo mwandishi wake ni muuguzi. Swali lako likihusu matunzo, mawasiliano na mgonjwa, elimu ya uuguzi au maisha ya wauguzi wenyewe kazini, ukiishia PubMed umefanya nusu ya kazi.

Maktaba ya Cochrane ni jambo lingine kabisa. Shirika la Cochrane liliundwa mwaka 1993 na kupewa jina la daktari Archie Cochrane, aliyekuwa amelalamika kwamba taaluma ya tiba haina utaratibu wa kukusanya na kuhakiki majaribio yake yenyewe. Humo unakuta mapitio ya kimfumo: watu wameshatafuta kila mahali, wameshapima ubora wa kila jaribio, na wameshajumlisha matokeo. Ipo pia sehemu iitwayo CENTRAL inayokusanya rekodi za majaribio ya kitabibu kutoka vyanzo mbalimbali. Ikisiri na mihtasari ya lugha nyepesi husomwa bure. Taasisi ya JBI, iliyoanzishwa Adelaide nchini Australia mwaka 1996, hufanya kazi inayofanana na hiyo, ikiwalenga zaidi wauguzi na kutoa nafasi kubwa kwa utafiti wa maelezo. Embase ina nguvu kwenye dawa na vifaa tiba, PsycINFO kwenye afya ya akili.

Google Scholar ina mahali pake. Inafaa kufuatilia nani amenukuu makala fulani, au kupata nakala ya bure iliyowekwa na mwandishi. Kama chombo kikuu cha kutafutia ushahidi haifai: haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikikuambia imepata laki kadhaa, na mpangilio wake huwezi kuueleza wala kuurudia.

Kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo upo mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, unaofungua maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Taasisi ndiyo inayosajiliwa, si mtu mmoja mmoja. Nashangaa ni wauguzi wangapi wanafanya kazi katika taasisi iliyosajiliwa na hawajawahi kuambiwa nenosiri.

Maneno ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo utafutaji hushinda au hushindwa. Kanzidata kubwa za afya zina njia mbili za kuitambua makala. Ya kwanza ni maneno ambayo mwandishi mwenyewe aliyatumia kwenye kichwa na ikisiri. Ya pili ni istilahi sanifu zilizobandikwa juu ya makala baadaye, ili makala zote za jambo moja zikae chini ya jina moja hata kama kila mwandishi alisema kivyake. Katika PubMed istilahi hizo huitwa MeSH, zilianza mwaka 1960, na leo ni karibu 30,000. CINAHL ina zake, Embase ina zake, na hazilingani, kwa hiyo usinakili utafutaji wa kanzidata moja ukaubandika kwenye nyingine ukategemea mambo yatakwenda sawa.

Tazama kanula. Mwandishi mmoja ataandika "cannula", mwingine "catheter", mwingine "PIVC", mwingine "venous access". Jaribio kubwa kuliko yote juu ya swali letu, lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012, kichwa chake hakina neno "cannula" kabisa. Linazungumzia "peripheral intravenous catheters". Muuguzi aliyezoea kusema kanula, akaandika "cannula" pekee, anaweza kulipita bila kujua kwamba lipo. Istilahi sanifu ndiyo dawa ya ugonjwa huu: tafuta "Catheterization, Peripheral" kama MeSH, na makala zilizobandikwa istilahi hiyo zitatokea hata kama waandishi wametumia maneno tofauti.

Usitegemee istilahi peke yake, hata hivyo. Makala mpya kabisa huenda bado haijabandikwa. Zile rekodi za PubMed zisizo za MEDLINE hazibandikwi kamwe. Na tangu mwaka 2022 ubandikaji wa MEDLINE hufanywa na programu ya kompyuta, kwa kasi kubwa kuliko zamani, ila programu nayo hukosea. Kwa hiyo kila kipengele cha swali kitafutwe kwa njia zote mbili, istilahi na maneno ya kawaida, na vyote viunganishwe kwa OR.

Visawe ni vya kuwinda, havitoki kichwani kwa mkupuo. Wamarekani huandika "anemia" na "pediatric", Waingereza "anaemia" na "paediatric". Majina hubadilika pia: kidonda kinachotokana na kulala upande mmoja muda mrefu kiliitwa "bedsore" na "decubitus ulcer", kisha "pressure ulcer", na mwaka 2016 jopo la kitaifa la Marekani linaloshughulikia vidonda hivyo likahamia "pressure injury" huku wenzao wa Ulaya wakibaki na jina la awali. Ukitafuta jina moja tu umechagua, bila kukusudia, bara na kipindi. Njia rahisi ya kukusanya visawe ni kufungua makala mbili tatu nzuri ulizozipata mapema na kuangalia maneno yao na istilahi zilizobandikwa chini yake. Programu za akili unde zinaweza kukupendekezea visawe, na hapo zinasaidia kweli. Usiziombe marejeo. Hubuni makala ambazo hazikuwahi kuandikwa, na huzipa majina yanayoaminika.

Viunganishi ni vitatu, vyote kwa herufi kubwa. OR hupanua: hiki au kile. AND hubana: hiki pamoja na kile. NOT hufukuza, na ni hatari. Ukiandika NOT pamoja na neno la watoto wachanga kwa kuwa unawataka watu wazima, utafukuza pia kila makala iliyochunguza makundi yote mawili. Mimi situmii NOT ila nikiwa sina njia nyingine.

Kosa linaloumiza zaidi ni la mabano. PubMed husoma viunganishi kutoka kushoto kwenda kulia. Andika (phlebitis ni uvimbe wa mshipa):

phlebitis AND cannula OR catheter

Itaunganisha kwanza mawili ya mwanzo, kisha itaongeza kila makala duniani yenye neno "catheter", mipira ya mkojo ikiwemo. Unashtuka kwa wingi wa matokeo, unalaumu kanzidata, kumbe imekutii neno kwa neno. Yazungushie mabano yale mawili ya mwisho, na tatizo linakwisha. Visawe vya kipengele kimoja vikae ndani ya mabano yao kila mara, ndipo AND iunganishe kundi na kundi.

Kinyota hukamata miisho yote ya neno: "nurs*" huleta nurse, nurses, nursing. Katika PubMed lazima herufi zisipungue nne kabla ya kinyota. Lakini kina gharama ambayo wengi hawaijui. Ukiandika maneno ya kawaida bila alama yoyote, PubMed hukusaidia kimyakimya kwa kuyatafsiri kuwa MeSH na visawe. Ndiyo maana hata ukiandika "bed sores" itakupeleka kwenye istilahi sahihi. Ukiweka kinyota au alama za kunukuu, msaada huo unazimika kwa neno hilo. Si vibaya kuuzima, ila ujue umeuzima. Kwenye ukurasa wa utafutaji wa kina, fungua maelezo ya utafutaji wako uone PubMed ilivyokuelewa. Sijui tabia nyingine inayofundisha haraka kama hiyo.

Kisha jipime. Chagua makala mbili au tatu unazojua kwamba ni lazima ziwemo, uangalie kama utafutaji wako umezikamata. Moja ikikosekana, ifungue, uone ni neno gani imetumia ambalo wewe hukulifikiria, uliongeze, urudie. Wakutubi wa tiba hufanya hivi kila siku, na ndiyo tofauti kubwa kati yao na sisi wengine: wao huujaribu utafutaji wenyewe kabla ya kuyaamini matokeo.

Kilichomo ndani ya jibu

Anza juu, ushuke. Kama kuna mwongozo wa hivi karibuni, soma huo na uangalie ushahidi ulioujenga. Kama hakuna, tafuta mapitio ya kimfumo. Yakikosekana, ndipo uingie kwenye tafiti moja moja. Kwa swali la kanula ngazi hizi zinapandika vizuri, na zinaonyesha pia kwa nini huwezi kusimama kwenye ngazi moja.

Jaribio la Lancet liliongozwa na muuguzi, Profesa Claire Rickard wa Australia. Wagonjwa 3,283 waligawanywa kwa bahati nasibu, na uvimbe wa mshipa ulitokea kwa asilimia 7 ya kila kundi, la ratiba na la dalili. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yalikusanya majaribio tisa yenye washiriki 7,412, na hayakuona tofauti ya wazi katika uvimbe wa mshipa wala maambukizi ya damu. Muuguzi aliyeishia hapo angesema swali limefungwa: tusubiri dalili, tuokoe mishipa na fedha.

Mwaka 2021 likatoka jambo jingine. Hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva zilikuwa zimeacha ratiba na kuhamia dalili, na watafiti wakafuatilia kanula zaidi ya 412,000. Katika kipindi cha ratiba kulikuwa na maambukizi ya damu 11 kwa kanula zaidi ya 241,000. Katika kipindi cha kusubiri dalili yalikuwa 46 kwa kanula karibu 131,000. Waliporudi kwenye ratiba, yakashuka. Utafiti huu haukugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, ulilinganisha kabla na baada, na mambo mengine yanaweza kuwa yalibadilika katikati. Lakini maambukizi haya ni nadra kiasi kwamba majaribio yenye wagonjwa elfu kadhaa hayana uwezo wa kuyaona vizuri. Kila upande umeona kitu ambacho mwingine hakuweza kukiona.

Sasa zitazame zile tiki za vichujio ambazo wanafunzi huambiwa waziweke kabla hata ya kusoma. "Miaka mitano ya mwisho": jaribio la 2012 limetoweka. "Majaribio ya nasibu pekee": Geneva imetoweka. "Makala kamili za bure pekee": umechagua ushahidi kwa kigezo cha nani alilipia uchapishaji, ambacho hakihusiani na ukweli wake. Vichujio vya umri, jinsia na aina ya viumbe katika PubMed navyo hutegemea istilahi zilizobandikwa, kwa hiyo huondoa makala ambazo hazijabandikwa, na nyingi kati ya hizo ndizo mpya kabisa. Kanuni ya miaka mitano inanikera kwa namna ya pekee. Ina maana kwa mwongozo, ambao huchakaa. Haina maana kwa jaribio lililofanywa vizuri, ambalo hubaki kweli mpaka lingine lilipinge. Kama lazima uweke ukomo wa miaka, uwe na sababu inayotokana na swali: dawa iliingia sokoni mwaka fulani, au mapitio mazuri yalitafuta hadi mwezi fulani na wewe unaendelea kutoka hapo.

Njia hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipendekeza kwa muuguzi mwenye muda mfupi. Tafuta mapitio bora ya karibuni, soma yalitafuta hadi tarehe gani, kisha tafuta mwenyewe kuanzia tarehe hiyo. Tarehe ya kuchapishwa hudanganya. Utafutaji huwa ulifanyika miezi mingi kabla yake, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Baada ya hapo fuata nyayo: angalia orodha ya marejeo ya makala nzuri, uone nani ameinukuu tangu itoke, na bonyeza sehemu ya makala zinazofanana. Geneva ungeipata kwa njia hii hata kama maneno yako ya utafutaji yalikuwa na kasoro.

Ukiona makala imewekewa alama ya kufutwa, usiitumie, hata kama bado inanukuliwa kila mahali. PubMed huonyesha tangazo la kufutwa waziwazi juu ya rekodi, lakini nakala ya PDF uliyoipakua miaka miwili iliyopita haitakuambia kitu. Na usisahau kwamba tafiti ambazo hazikupata matokeo ya kusisimua mara nyingi hazichapishwi. Daftari la majaribio la ClinicalTrials.gov hukuonyesha nani alisajili jaribio na akanyamaza.

Kuandika ulichofanya

Kwa kila kanzidata andika jina lake, tarehe uliyotafuta, mstari kamili wa utafutaji kama ulivyouandika, vichujio ulivyotumia, na idadi ya matokeo. Mstari kamili, si "nilitumia maneno kama kanula na maambukizi". Mtu mwingine akiuingiza mstari wako apate ulichokipata. Fungua akaunti ya bure ya PubMed uuhifadhi utafutaji huo, uombe barua pepe kila makala mpya inapoingia. Ndivyo itifaki ya wodi inavyobaki hai bila mtu kulazimika kuanza upya kila mwaka. CINAHL nayo hukuwezesha kuhifadhi, na kila hatua huipa namba, S1, S2, S3, ili uunganishe namba badala ya kuandika upya mstari mrefu. Tafuta kila kipengele peke yake, uone kimeleta ngapi, ndipo uviunganishe. Namba ikishuka ghafla kupita kiasi, utajua ni kipengele gani kimebana.

Kama kuna mkutubi wa afya unayeweza kumfikia, mtafute kabla hujaanza, si baada ya kukwama. Mpelekee swali lililoandikwa pamoja na makala zako za kujipimia.

Ni lini uache? Kwa mapitio ya kimfumo kuna kanuni kali, na watu hutumia miezi. Kwa swali la wodini, mimi huacha pale ambapo kanzidata mbili au tatu na nyayo za marejeo zinanirudishia makala zilezile, na makala zote za kujipimia zimekamatwa. Ikiwa umefika hapo na mikononi una tafiti mbili dhaifu, hayo nayo ni matokeo, na yaandikwe hivyo kwenye itifaki: ushahidi ni mdogo, uamuzi umetegemea uzoefu wa wahudumu na matakwa ya mgonjwa, utafutaji ulifanyika tarehe fulani, na utarudiwa tarehe fulani.